Mwanamke wa Hapa Angesemaje

Dodoso lilitungwa Uingereza, la kupima kama mtu anajiona amekwama maishani. Ximena Cárcamo, mwanasaikolojia wa Concepción, alikuwa amelitia katika Kihispania, na sasa alizunguka mji wa Lota nyumba kwa nyumba kujua kama sentensi zake zinaeleweka, au zinawapita watu juu ya vichwa.

Kwa Otilia Sanhueza, aliyempokea ni mumewe, Fermín. Alimpa mgeni kiti, kisha akaweka chake mlangoni pa jikoni.

"Ningependa kuzungumza na mama peke yake," Ximena alisema.

"Peke yake?" Fermín akacheka. "Humu hatufichani, daktari. Uliza tu, na mimi nijifunze."

Ximena akasoma: "Nahisi nimenaswa."

"Hapana," Otilia akajibu huku akimimina chai ya mitishamba, macho chini.

"Nina hamu ya kutoroka."

"Hapana."

Kila hapana ilitanguliwa na jicho la wizi kuelekea mlangoni. Ximena akaona naye kabanwa: akiinuka atamtelekeza mama wa watu, akiendelea atamponza. Akafunga karatasi zake.

"Tuache majibu, mama. Nisaidie lugha tu. Mwanamke wa hapa angesema hivi?"

Otilia akainua kichwa. "Wapi! Kunaswa ni kwa panya. Yeye angesema, mlango uko wazi, ila nikivuka nitatafutwa."

"Atafutwe na nani?" Fermín akadakia.

"Na wewe! Si mfano tu, jamani?"

"Haya, pigeni porojo." Mpira ulikuwa umeanza; akaongeza sauti ya redio na kuinamisha sikio.

"Na hiyo ya kutoroka?" Ximena akauliza.

Otilia hakubadilisha sauti. "Angesema, Alhamisi nina sindano zahanati. Mume hukaa benchi la mbele. Nyuma kuna mlango."

"Goli!" Fermín akapiga paja.

Alhamisi Ximena aliegesha gari nyuma ya zahanati. Otilia alitoka akiwa na mkoba tu. Njia nzima hadi Temuco, kwa dada yake, alishikilia kitasa, na kila gari lililowakaribia lilimfanya ajikunyate.

"Ndiye?"

"Siye, mama."

Mahakama ilimkataza Fermín kumsogelea mkewe. Amri haikumtaja Ximena. Basi kila siku Fermín akaja ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi ya Ximena, akasimama pale mikono mfukoni, hasemi, hatukani. Polisi walisema kusimama si kosa.

Dodoso lilikamilika, kwa sentensi mpya, na watu mia kadhaa wakalijibu. Hesabu zilikubali, wakubwa wakampongeza kwa keki. Ximena alikula yake mbali na dirisha.

Jioni simu ikalia. Ni Otilia.

"Umeshatoka, mwanangu?"

"Bado, mama. Namsubiri mlinzi anisindikize."

"Yupo?"

Ximena akasogeza pazia kidogo. "Yupo."

"Basi tuongee," Otilia akasema. "Usikate."