Goliati wa bugali

Maman Emérence, jirani yetu, anasema kwamba mutoto wake Charlène alipiga kuku na jiwe sababu Goliati iko ndani ya tumbo yake.

Ni kweli. Jumamosi, kwangu nyumbani, nilifundisha batoto hadithi ya Daudi aliyemuangusha Goliati na jiwe. Goliati tulimutengeneza na bugali, tukamuanika kwa jua, kuku ikamukula muzima.

"Kuku yangu inachechemea! Charlène hatarudi kwako," mama yake aliniambia.

Leo nimemupelekea Goliati mupya, wa maganda ya mugomba makavu.

"Huyu, kuku haitamutaka."

Akacheka: "Anafanana na papa yake Charlène akiwa na njaa!"

Charlène alikuwa mulangoni, ananiangalia.

"Maman, basi umuachilie aje tumuangushe Goliati pamoja?" nikamuuliza mama yake.

Maman Emérence aliendelea kucheka, akigeuzageuza Goliati mukononi.