Mtu wa Mia Mbili

Kanuni za Mkutano Mkuu wa kijiji chetu cha Namkonda zimebandikwa mlangoni mwa ofisi, na watu huzipita kama wanavyopita ukuta. Aliyezisoma ni mtendaji wetu Nasibu, kwa sababu ndiye aliyezibandika, na mimi. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, viti vya wanawake, na nilizisoma mstari kwa mstari ili wanaume wa kile kikao wasinichezee. Wala sijutii kusoma.

Kanuni ya nane inasema mkutano haufunguliwi mpaka watu wazima mia mbili watie sahihi au dole gumba kwenye daftari la mahudhurio. Akipungua hata mmoja, kila mtu arudi kwake, na hakuna lililoamuliwa.

Mara mbili tuliitisha mkutano, mara mbili tukarudi majumbani. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na nani aache salfa yake akakae kwenye vumbi la uwanja wa shule kumsikiliza mwenyekiti? Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, na siku hiyo haikuwa ya mchezo. Mhandisi wa mradi wa maji alisema muhtasari wenye idhini ya wananchi ufike Newala kabla ofisi hazijafungwa jioni. Usipofika, tangi linakwenda kijiji cha jirani.

Asiyeishi huku juu hajui neno tangi lina maana gani. Mwanangu Ziada ana miaka kumi na saba na shingo yake imeanza kukakamaa kwa ndoo. Kushuka bondeni kufuata maji ni mwendo wa saa mbili, kupanda saa tatu, na ukifika nyumbani nusu imemwagika. Nilikuwa nalitaka lile tangi mpaka naliota.

Tangi lazima likae juu kabisa, maji yashuke yenyewe. Na juu kabisa pana viwanja viwili vinavyopakana. Kimoja ni cha mwenyekiti wetu, Mzee Lukmani, kichaka kitupu tangu nimfahamu. Kingine ni cha Dominika, mjane wa Ladislaus, chenye nyumba yake, mikorosho thelathini na moja, na kaburi la mumewe. Halmashauri ikakaa, ikatafakari sana, ikachagua cha Dominika. Yeye atapewa kiwanja kingine kule kwenye mteremko, ambako kila masika mchanga unaondoka na mihogo. Nilikuwemo kwenye kikao hicho. Sikusema kitu.

Alhamisi ile mgambo walizunguka tangu alfajiri. Walileta wagonjwa, walileta wazee wasiosikia, walimtoa Mzee Alfani shambani na bomba la dawa mgongoni. Wengine walikuwa matangani Chiwata, mbali, hawafikiki. Saa saba mchana Nasibu akahesabu daftari, akahesabu tena, akavua miwani.

"Mia moja tisini na tisa," alisema.

"Ongeza jina," Mzee Lukmani akamwambia.

"Siongezi. Muhtasari wa mwaka jana ulirudishwa kwa sahihi za kubuni. Safari hii nitafungwa mimi."

Tukatazamana. Kijijini alikuwa amebaki mtu mzima mmoja tu, na kila mmoja alijua ni nani. Mzee Lukmani akanigeukia, sauti laini, ile anayotumia akitaka kitu.

"Mama Ziada, nenda kamchukue mwenzako. Wewe anakusikia."

Ni kweli, ananisikia. Nilipojifungua Ziada, Dominika ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini, Mkristo kwa Mwislamu, bila kuulizwa. Nilipanda kile kilima nikijua vizuri ninachokwenda kufanya. Asiseme mtu kwamba sikujua.

Nilimkuta amekaa mlangoni, kanga yake nzuri mapajani imekunjwa, kama mtu aliyejiandaa kutoka halafu akasita.

"Shikamoo, Mama Optatus."

"Marahaba, mwanangu. Wameanza?"

"Bado."

"Tangu asubuhi najiuliza niende au nisiende. Optatus kapiga simu kutoka Masasi, anasema mama, kaa nyumbani, usiende popote. Wewe unasemaje? Wewe ndiye uliyesoma mambo yao."

Hapo ndipo palikuwa na nafasi yangu. Maneno mawili tu, kaa nyumbani, na jioni ile angepika uji wake karibu na kaburi la mumewe, na Ziada angeshuka bondeni kesho na kesho kutwa mpaka aolewe. Nilimtazama Dominika usoni.

"Mama, kwetu mtu akisemwa kikaoni naye hayupo, inakuwaje?"

"Amekubali," akajibu papo hapo. Ndivyo ilivyo katika vikao vya ukoo, tangu bibi zetu. Mtu anaitwa, hakuja, basi kosa ni lake na kauli ya wazee imepita.

"Basi njoo ujitetee," nikamwambia.

Alijifunga kanga yake, akafunga mlango kwa kamba, tukashuka pamoja. Njiani alinieleza atakachosema. Alikuwa amekipanga vizuri, neno kwa neno, na nilikuwa naitikia ehe, ehe.

Kwenye daftari alikataa dole gumba. Aliandika jina lake herufi moja moja, ulimi umetoka kidogo, na watu mia moja tisini na tisa wakamngoja bila kukohoa. Nasibu akapiga mstari chini ya jina. Mzee Lukmani akasimama hapo hapo.

"Akidi imetimia. Mkutano nimeufungua. Na tumpigie makofi Mama Optatus, maana bila yeye leo tusingekuwa na mkutano, na tangi lingekwenda kwa wenzetu."

Watu wakapiga makofi. Wengine walicheka. Dominika alipiga makofi mawili pamoja nao, halafu mikono ikasimama hewani. Akanigeukia. Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu.

"Na nikiondoka sasa?" akamuuliza Nasibu.

"Kanuni ya tisa, mama. Mkutano ukishafunguliwa, anayeondoka anahesabiwa yupo."

Basi akasimama pale pale na kusema aliyoyapanga. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: kichaka cha mwenyekiti kiko juu sawasawa na shamba lake, hakina nyumba, hakina maiti, kwa nini tangi lisikae huko?

"Swali hilo halimo kwenye ajenda," alisema Mzee Lukmani. "Ajenda ni kukubali au kukataa. Wanaokubali, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Wakwe zake, wanakwaya wenzake, wanawake aliowazalisha. Mzee Alfani, ambaye hakusikia hata neno moja, alinyoosha aliponyoosha jirani yake. Nasibu akawa anapita mstari kwa mstari na kalamu, akinong'ona namba, mpaka akafika kwetu. Mimi na Dominika tulikaa bega kwa bega, kwa kuwa tulikuja pamoja. Mkono wangu ulikuwa bado mapajani. Nilijichukia, na nilimwona Ziada anapanda na ndoo.

"Mjumbe?" Nasibu akaniuliza.

Nikanyoosha.

Akaandika, akapita. Akamaliza mistari yote, akarudi mbele, akamwinamia mwenyekiti sikioni. Watu walishaanza kukung'uta vumbi kwenye nguo zao. Mimi nilikuwa bado nimenyoosha, sijui kwa nini, mkono umeganda.

Dominika akaushika mkono wangu, taratibu, akaurudisha mapajani mwangu.

"Shusha, mwanangu," alisema. "Ameshakuhesabu."