Ng'ombe wa Maurice na Mashine ya Matetemeko

Elkana wa ofisi ya matetemeko huja na soda. Leo aliposhuka kwenye bodaboda na karatasi, Phelesia akajua mambo yameharibika.

Mashine ya kusikiliza ardhi ilizikwa nyuma ya nyumba yake, karibu na Rodi Kopany, Homa Bay, upande wa Kenya. Ufunguo wa geti la uzio wa mashine ulining'inia shingoni mwake pamoja na rozari. Tangu mzee wake afe, mashine ndiyo ilikuwa inamletea watu wa kuongea nao.

"Nyanya, mashine yako imeanza uongo," Elkana alisema. "Jumamosi saa tano ilituma habari ya tetemeko. Ya Tarime haikusikia kitu, ya Uganda pia. Nchi tatu tunapeana habari, na ni sisi tunaleta aibu. Naihamisha Uriri."

Akampigia Mniko, mwenzake wa Tarime, Tanzania, akaongeza sauti ya simu.

"Shikamoo, bibi," Mniko alisema. "Huko kwenu dunia inatikisika peke yake?"

"Marahaba, baba."

Phelesia alishika ufunguo. Akinyamaza, mashine inaenda. Akisema, mashine itabaki, lakini ufunguo huenda apewe mwingine. Bora azunguke kwanza.

"Kitendawili."

"Tega," Mniko akajibu upesi. Elkana akatazama saa.

"Miguu mia tatu inamfukuza asiye na miguu."

Wakashindwa.

"Nipeni mji."

"Chukua Tarime," Elkana akasema.

"Toa wa kwenu, bwana. Bibi, chukua Homa Bay."

Akaichukua. "Ni ng'ombe wa mazishi ya jirani yangu Maurice. Kwetu mzee akifa, ng'ombe wanakimbizwa na ngoma, wafukuze kifo kijijini. Walikuwa wapite barabarani. Ni mimi niliwafungulia geti, wakapita juu ya mashine. Maurice alipenda njia ya mkato."

Mniko alicheka mpaka akakohoa. "Elkana, mashine ni nzima, imesikia kila kwato. Iache."

Phelesia alivua ufunguo, akamnyooshea Elkana. "Basi chukua ufunguo."

"Na huo mwachie," Mniko akaongeza. "Mwingine atajuaje nani amekufa? Lakini bibi, hicho kifo mlikifukuzia wapi?"

"Kusini, baba."

Kusini ndiko Tarime.

Elkana alimpa daftari, kila mazishi yaandikwe, nchi zote tatu zisome. Phelesia akalamba kalamu, akaanza: *Jumamosi, saa tano. Maurice. Ng'ombe sabini na tano. Mniko afunge mlango.*