Majibu Elfu Nne

Beno hakuwa na nia mbaya. Aliitwa kutengeneza kompyuta, akaona kasha la ujumbe ambalo halikuwahi kufunguliwa, akauliza, "Dada Evarista, hizi meseji za wakulima huwa anazisoma nani?"

Evarista aliinama kutazama. Miaka miwili sasa, akiwa ghorofa ya tatu pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, alikuwa akiwaandikia wakulima wa kusini ushauri kwa simu: lini wapande, lini wapalilie. Aliamini namba ya ofisi inatuma tu, haipokei. Kumbe watu walikuwa wakijibu. Ujumbe elfu nne na ushee.

Alisoma akiwa amesimama. "Ufuta wangu umetobolewa majani." "Wadudu weusi wanaruka, niweke nini?" "Mnasema tupalilie, tupalilie nini?" Namba moja ya Ruangwa ilikuwa imeandika mara tisa.

Juzi tu alikuwa amewatumia wote: Palilia ufuta wako, punguzia miche.

Alikaa, akainuka tena. Akaenda kwa Asad, msimamizi wake.

"Sisi kazi yetu kutuma," Asad alisema bila kuacha kuandika. "Mfumo haukujengwa kupokea. Tutaliangalia kwenye bajeti ijayo."

"Bajeti ijayo ufuta utakuwa umeshavunwa, bosi. Kama upo."

Hakungoja jibu. Alishuka ngazi, akashika njia ya Kariakoo kwa miguu, simu mkononi. Alipofika Mnazi Mmoja akaipiga ile namba ya Ruangwa.

"Shikamoo mama. Mimi Evarista, ndiye ninayewatumia ushauri wa kilimo."

"Nyie ndo wale matapeli wa 'tuma hela kwa namba hii'?"

"Hapana, mama. Uliandika kuhusu wadudu kwenye ufuta."

"Niliandika wiki tatu zilizopita." Sauti ya yule mama, aliyejitambulisha kwa jina la Mwanne, haikuwa na hasira, na hilo lilimuuma Evarista zaidi. "Nikadhani mmehama. Shamba limebaki vijiti. Sasa nipande tena au niache?"

Evarista shahada ya kilimo anayo, lakini hakujua kama mvua bado ipo Ruangwa, wala udongo wa pale ukoje. "Usikate, mama," alisema, akaongeza mwendo.

Duka la pembejeo la Bi Nawal lilikuwa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko. Mama huyo wa Kiarabu alikuwa ameuza mbegu na dawa pale tangu alipoolewa, na watu wa kusini walimjua kuliko walivyoijua ofisi ya Posta. Evarista alimwamkia na kumweleza huku akihema.

"Marahaba. Wadudu wa Ruangwa? Dawa yao naipakia kwenye mabasi wiki ya tatu hii," Bi Nawal alisema. "Nilidhani nyie mnajua." Akaichukua simu. "Mwanne, habari za huko? Mvua ya mwisho lini? Shamba ni lile lile la mwaka jana? Ukichimba kiganja kimoja, udongo una unyevu?"

Aliuliza maswali saba kabla hajashauri chochote. Evarista aliyahesabu. Katika miaka miwili yeye hakuwa amemuuliza mkulima hata moja.

"Basi panda tena wiki hii," Bi Nawal alimaliza, "lakini shamba jingine, mbali na la zamani. Miche ikitokeza tu, ikague kila asubuhi. Ukiona wanaruka, nyunyiza siku hiyo hiyo."

Jioni ile, bila ruhusa ya mtu, Evarista alituma ujumbe wenye swali: Ufuta wako una hali gani? Tujibu, tunasoma. Kabla ya saa mbili usiku majibu yalikuwa yamepita elfu moja. Asad alimfokea asubuhi yake, kisha akayasoma. Mwishowe akampa muda wa saa mbili kila siku wa kupiga simu, na Bi Nawal akakubali kuulizwa.

Saa hizo hazikutosha. Wengi walikuwa wameshang'oa ufuta na kuweka mbaazi, wengine hawakupokea simu.

Mwezi wa sita Mwanne alipiga mwenyewe. Alikuwa amevuna magunia mawili, mwaka jana yalikuwa matano.

"Mwakani nitakuuliza kabla sijapanda," alisema.

"Uliza, mama. Nitapokea."

Alipokata, Evarista alitaka kupumzika japo dakika tano. Akashindwa. Akavuta orodha, akapiga namba iliyofuata.