Mabega ya Koti la Baba

...na wembe ukapita kwenye mshono wa bega la kushoto, taratibu, maana sufu ya namna hii haipatikani tena, na koti lenyewe alilishona yeye, la kwanza kumshonea mtu mzima, baba akalivaa mtaani jua likiwa utosini ili watu waulize fundi ni nani, "Ni huyu binti yangu," huku jasho linamchuruzika... na sasa huyo hapo kwenye benchi la wateja, amebaki na shati, ametazama mlangoni, anabishana na mama juu ya viti vya harusi, binti yao mdogo anaolewa Jumamosi, "Waalikwa watakaa wapi, mama watoto, mapajani mwako?" na mama anacheka, mama anacheka mno siku hizi... Ongeza pedi za mabega, fundi wangu, zimelala kwa uzee, ndivyo alivyosema baba, na kweli pedi hulala, ila alipolijaribu koti pale mlangoni, bega la koti lilikuwa bado linaendelea mahali bega la baba lilipokwisha, binti akaliona hilo, akageuka kutafuta chaki, na chaki alikuwa nayo mkononi... bitana ikaachia, akaingiza vidole, ikatoka pedi aliyoiweka yeye, nyuma yake ikatoka nyingine, sifongo ya godoro iliyovikwa kipande cha shuka ya maua, shuka ya kitandani kwa mama, na chini yake nyingine tena, hiyo imeshabonyea, ya siku nyingi, zimeshonwa kwa uzi mnene, mishono mirefu ya mtu anayefunga kuni, mama huyu huyu asemaye yeye na sindano ni paka na panya... kumbe kikohozi cha baba si cha vumbi, kumbe baba anapungua muda wote huo na mama anamjaza kwa nyuma, kidogo kidogo, bila kumwita fundi aliye ndani ya nyumba, na hasira ikampanda, mficha maradhi... hapana, hiyo haimalizii, asiimalizie leo. "Umefika wapi huko?" baba anauliza bila kugeuka. "Nafumua, baba." "Usije ukanifanya mwembamba mbele ya wakwe." Mama hakucheka safari hii, ameiona shuka mkononi mwa binti, macho yao yakakutana, mama akarudi kwenye habari za viti, sauti imepwaya... na hasira ikaisha, ikabaki huruma, kwa mama na ule uzi wake mnene, kwa sababu pedi hainenepeshi mtu, ukizidisha bega linapanda sikioni na mwenye koti anaonekana ameazima, dawa yake ni kung'oa mikono na kukata bega, na huwezi kukata bila kupima, na yeye hajampima baba tangu koti lilipokuwa jipya, vipimo anavyo kichwani, akajivunia hivyo, alivipenda vile vya kichwani, havikohoi... atamshona alivyo, akae sawasawa kwenye picha, na kipande kimoja cha shuka atakirudisha ndani, hicho kipya, kwa ajili ya mama. "Baba, nitakupima upya." "Vipimo vyangu si unavyo?" "Vile ni vya zamani, baba." Mama akaacha habari za viti. Baba bado amekaa, bado ametazama mlangoni, na wembe bado uko mkononi mwa binti, lakini futi ya kupimia ameshaivua shingoni.