Nati Kwenye Pindo la Kanga

Tupokigwe hakuzaliwa mwoga. Alishawahi kumuua nyoka kwa jembe mtoto akiwa mgongoni, na watu wa Nkunga walimjua kwa hilo. Lakini lile lori lilimtia hofu tangu siku lilipoingia uani kwake likivutwa na trekta, matairi yakiwa yamelala na nyasi zimeota ndani ya bodi.

Lilikuwa lori la ushirika. Amoni, mumewe, alikuwa ameliendesha miaka kumi na mmoja, na ushirika ulipokufa na mali zake kuuzwa, wenzake walichukua meza, mizani na mabati. Yeye alichukua lori. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ikiachiwa kila mtu. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam walikuwa wakija wenyewe mpaka mashambani kutafuta ndizi, na mwenye gari, hata bovu, hakukosa mzigo.

"Lori hili nalijua kuliko ninavyojijua mwenyewe," Amoni alikuwa akisema. "Likikohoa najua linaumwa wapi."

Tupokigwe alikuwa na kaka mmoja tu, Anyosisye, ambaye alifanya utingo kwenye lori la mtu mwingine mpaka siku lilipowashinda kwenye mteremko. Walimleta nyumbani amefungwa turubai. Turubai lilikuwa fupi, na Tupokigwe alimtambua kwa soksi za sufu alizomfumia mwenyewe, kwa ajili ya baridi ya mwezi wa saba. Hiyo ilikuwa miaka miwili nyuma. Tangu hapo akisikia gari likishuka mlima kwa gia nzito, huacha alichoshika mpaka mlio upotee.

Mwezi wa kumi ulipoingia, kazi za uani zilikuwa zimerundikana kama kila mwaka kabla ya mvua kubwa. Mtaro wa nyuma ya jiko ulijaa udongo, migomba ilining'iniza majani makavu, na nyasi za pembeni zilifika magotini. Tupokigwe alishika fyekeo, kisha jembe, kisha ufagio. Siku zote hizo Amoni alikuwa chini ya lori. Alilipandisha mbele kwa jeki ya kuazima kwa fundi Mrisho wa Msasani ya Tukuyu, akaliegemeza juu ya magogo, akafungua viungo vyote vya usukani ili avisafishe na kuvitia grisi.

"Mama Lilian," alisema Alhamisi asubuhi, miguu tu ikionekana, "fagia kote, ila gunia hili usiliguse. Kila kitu nimekiweka mahali pake."

Aliitikia. Akafagia mpaka ukingoni mwa gunia lililopangwa vyuma, na hapo ndipo alipoiona. Ilikuwa nati nene, imekatwa meno upande mmoja kama taji, inang'aa kwa mafuta ya taa. Vitu vingine vyote pale vilikuwa na wenzao. Hii ilikaa peke yake pembeni.

Alitazama miguu ya mumewe. Haikusogea.

Baadaye alijaribu kukumbuka alifikiri nini wakati ule, na alichokumbuka ni hesabu ya siku tu. Nati kama hii haipatikani Tukuyu. Itaagizwa Mbeya, wiki mbili. Baada ya wiki mbili mvua zitakuwa zimeshaanza, na barabara za huku zikilowa hakuna lori litakalotoka mpaka mwezi wa tano. Mwezi wa tano ulikuwa mbali sana. Aliinama kama anayeokota jani, akaifunga nati kwenye pindo la kanga.

Amoni aliitafuta tangu saa sita mpaka jua kuzama. Alikung'uta gunia, akalala kifudifudi akipapasa udongo, akachambua kwa vidole jivu la takataka alizozichoma mkewe.

"Labda umeifagia."

"Labda," alisema Tupokigwe. Naye akapiga magoti, akachambua jivu pamoja naye, nati ikimgonga kiunoni kila alipojisogeza. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Mara mbili alifungua mdomo. Mara zote mbili aliliona lile turubai, akaufumba.

Kesho yake Amoni alimwaga kopo lake la vyuma chakavu, akajaribu hiki na kile, mwishowe akapata nati nyingine isiyo na meno. Ilikataa, akailazimisha kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha akaizungushia waya.

"Imekubali," alisema, akijifuta mikono.

Tupokigwe alivunjika moyo, na wakati huohuo akapumua. Kumbe ile nati haikuwa kitu. Kama lori linakwenda bila hiyo, basi alichoiba ni chuma tu, na siku moja atakiangusha karibu na magogo kionekane. Ndivyo alivyojiambia, na usiku ule alilala.

Jumamosi asubuhi lori liliunguruma likatoka. Amoni alikuwa akienda Lufingo kupakia ndizi, na binti yao Lilian alipanda mbele kumsaidia kuhesabu mikungu. Msichana alipunga mkono dirishani, amejifunga kitambaa kipya kichwani.

Jua lilikuwa limekaribia utosini alipotokea fundi Mrisho, kwa miguu, amekuja kuchukua jeki yake. Alimkuta Tupokigwe kwenye mtaro, matope mpaka vifundoni.

"Shemeji, hongera na kazi. Mzee yuko wapi?"

"Ameenda Lufingo na lori."

"Mwee! Limetembea? Tairodi zote za usukani alizifunga vizuri?"

Tupokigwe aliegemea jembe. "Nati moja ilipotea. Akatia nyingine."

"Ya meno?"

"Haina meno. Akaifunga waya."

Mrisho aliuliza nati ilikuwa ya upande gani, nene kiasi gani, nati hiyo nyingine iliingia kwa urahisi au kwa nguvu. Kila jibu lilimkunja uso.

"Kwa nini, fundi? Ni nati tu."

"Shemeji, hiyo ndiyo inayoshika usukani na magurudumu viwe kitu kimoja. Meno yale ni ya kupitishia pini, isijifungue. Nati ya kulazimishwa inakula mizunguko yake ya ndani, inalegea. Akienda mtupu tambarare, anaweza kufika. Lakini akirudi na mzigo, kwenye mteremko, ikitoka ile..." Alizungusha mikono hewani, akishika usukani usiokuwepo. "Unazungusha hivi, gari linakwenda linakotaka lenyewe."

Jembe lilianguka mtaroni. Mrisho aliita, "Shemeji! Unakwenda wapi?" lakini Tupokigwe alikuwa ameshapita migomba ya jirani.

Barabara ya Lufingo huuzunguka mlima. Njia ya miguu huukata katikati. Alishuka mpaka kijito akiteleza kwa makalio, akavuka maji ya magotini, akaacha kandambili zake ndani ya tope wala hakugeuka. Upande wa pili alipanda kati ya michai, matawi yakimchana miguu. Kifua kilimwaka. Alikuwa akisema "Kyala, Kyala, Kyala," bila kujua anamwomba Mungu nini, maana asingeweza kuomba jambo lililokwisha fanyika lisiwe limefanyika. Alimwona Lilian na kitambaa chake kipya. Aliona turubai, safari hii mawili.

Kisha akalisikia lori. Lilikuwa juu yake, mbali kidogo, linashuka kwa gia nzito.

Alitokea barabarani mahali palipo juu kidogo ya kona kubwa, ile ambayo chini yake hakuna kitu ila vilele vya miti. Akasimama katikati, mikono juu. Lori lilijitokeza, limejaa mikungu mpaka juu ya bodi, wanawake wawili wamekaa juu ya mzigo. Aliona pua yake ikiyumba kulia, ikarudi, ikayumba tena. Aliona mdomo wa Amoni ukifunguka nyuma ya kioo. Honi ikalia.

Breki zililia kwa muda mrefu. Lori lilisimama karibu kiasi kwamba alisikia joto la rejeta usoni.

"Umepatwa na wazimu?" Amoni aliruka chini. "Nani amekufa? Sema!"

"Tazama tairi," alisema. "Tazama chini ya tairi."

Amoni alimwangalia, akainama. Alikaa chini kule kwa muda. Alipotoka, uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Kipande cha waya uliokatika kilikuwa kimelala kiganjani mwake.

"Imebaki mizunguko miwili ing'oke," alisema polepole. "Umejuaje?"

Tupokigwe alitumia meno kufungua fundo la kanga. Akamnyooshea ile nati.

Lilian alikuwa ameshuka. Alitazama mkono wa mama yake, akatazama uso wa baba yake, akarudi nyuma hatua moja. Juu ya mikungu mwanamke mmoja aliuliza, "Kuna nini huko, baba? Mbona mama anatembea peku?"

Tupokigwe alingoja kofi. Angelipokea.

"Hakuna kitu," Amoni alimjibu yule mwanamke, macho yakiwa kwa mkewe. "Mama Lilian ameniletea spea niliyoisahau nyumbani. Ndaga fijo, mama, asante sana."

Akaifunga pale pale barabarani. Fundi Mrisho aliambiwa kwamba nati ilionekana kwenye takataka, na Lilian hakuulizwa wala hakusema.

Siku tatu Amoni hakusema na mkewe neno lisilo la lazima. Hakumpiga, hakumtukana, na Tupokigwe aliogopa kimya kile kuliko alivyowahi kuogopa lori. Alimaliza mtaro. Aliondoa majani makavu ya migomba yote, akayatandaza shinani, akarudia kufagia mahali palipokuwa safi. Jioni ya siku ya tatu, akiwa jikoni, alisema bila kugeuka, "Nilikuwa nikimwona Anyosisye." Nyuma yake Amoni aliacha kutafuna. Kisha akaendelea kula.

Siku ya nne, baada ya chai, alimwita kutoka uani.

"Panda. Kaa kwenye usukani."

"Mimi?"

"Nataka kuona viungo vinavyocheza. Nitakuwa chini. Nikikwambia zungusha, zungusha. Polepole, maana vidole vyangu vitakuwa ndani."

Alipanda. Kiti kilinuka jasho na dizeli, na usukani ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani, wa baridi. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Amoni akijilaza kwenye gunia, akajisukuma chini ya chuma chote kile mpaka miguu tu ikabaki nje.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Kushoto."

Alizungusha kidogo, akasimama. "Baba Lilian?"

"Naam."

"Uko salama?"

"Niko. Zungusha."

Akazungusha tena, upana wa kidole, akaita tena, naye kutoka chini akaitika.