Uwanja Uliokataa Ufagio

Vumbi huamka kabla ya watu. Katika mtaa wa Nguba, mwangaza unapovuka ziwa na kuanza kupanda mteremko, hulikuta vumbi limekwisha simama hewani, jekundu, jepesi, linameta, na nyuma ya vumbi yuko Francine na ufagio wake.

Fwa, fwa, fwa. Kutoka mlango wa jikoni. Fwa, chini ya kamba ya nguo. Fwa, mpaka ukingoni, pale uwanja unapokwisha na mteremko unapoanza kushuka kwenda ziwani. Pale Francine hulisukuma vumbi likaanguka bila sauti, kisha hugeuka kutazama kazi yake. Uwanja umebaki na mistari ya ufagio, kama kichwa cha mtoto kilichosukwa kwa ajili ya misa. Hakuna jani. Hakuna unyasi. Uwanja msafi ni uwanja mtupu: hivyo alifundishwa na Maman Eulalie, mama yake, naye Maman Eulalie alifundishwa na wake, na hakuna mwanamke kati yao aliyewahi kuacha jua likute uwanja haujafagiwa.

Francine ni msichana wa maneno machache. Mbele ya wageni hutazama chini. Lakini mpe ufagio, na mkono wake utasema yote.

Na hata hivyo nyumba ilikuwa inaondoka.

Haikuondoka kwa kishindo. Iliondoka kama mtu anayetoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha, kidogo kidogo, akiomba radhi. Mvua ilikula mgomba wa ukingoni. Mvua ikala kibanda cha kuku. Mvua ikakaribia ukuta wa jikoni, mpaka mawe ya msingi yakatoka nje kama meno yaliyoachwa na ufizi. Ndipo Tonton Christophe, mjomba wake Francine, mdogo wa Maman Eulalie, akaja kutoka Bagira, akasimama ukingoni, akafyonza meno.

— Dada, hii nyumba iko naenda ziwani. Miye sitakuja kukuokota mu maji kama samaki ya sambaza.

— Acha uchokozi, Christophe.

— Hapana, sikia. Mvua ikikula tena kipande, hata kidogo, munahama kwangu. Unipe neno lako.

Maman Eulalie alitazama nyumba alimozalia watoto, mlango ambamo jeneza la mume wake lilipita. Akatazama mawe yaliyo uchi. Akatoa neno lake.

Francine alilisikia neno lile kutoka jikoni. Mvua ikila tena, wanahama. Kiangazi kilikuwa kinazeeka. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima kama wageni wasiotaka kuingia ndani. Akafunga kitambaa kichwani, akatoka nje ya lango, akaenda kutafuta watu.

Kando ya barabara wapo watu wa miche. Wanapanga maua katika mifuko myeusi, jembe limelazwa pembeni, na ukiwaita wanakufuata nyumbani kutengeneza bustani yako. Francine alipita mbele yao. Akarudi. Akapita tena. Mwanamke mmoja mnene, Emmanuella, akaweka mikono kiunoni.

— Weye dada! Unaangalia mauwa ao unaangalia miye? Kama ni miye, nina bwana!

Wenzake wakacheka. Francine akatazama vidole vya miguu yake.

— Udongo yetu, akasema. Iko nakimbia.

Emmanuella akaacha kucheka.

— Udongo yenye kukimbia, siye tunaifungaka kamba. Barthélemy! Beba jembe.

Barthélemy alikuwa kaka yake, mrefu, kimya, kana kwamba dada amechukua maneno ya wote wawili. Walifika uwanjani, wakazunguka. Emmanuella aliuliza kila kitu kwa sauti ya kuamsha mtaa. Maji ya bati yanaangukia wapi? Hapa hapa, chini ya ukuta? Mungu wangu! Na hii mifuko ya mchanga imeoza ukingoni, ni ya nani?

— Ya tonton.

— Tonton ni musoda? Anangojea vita?

Wakachimba mtaro wa kuyapokea maji ya bati na kuyapeleka pembeni, wakaupanga mawe ili maji yashuke kwa adabu. Wakapanda matete mteremkoni, mstari chini ya mstari, yakikingama kama watu walioshikana mikono. Na juu, uwanjani, pale penye wekundu na mistari ya ufagio, Barthélemy akapiga magoti na kupandikiza vipande vidogo vya majani yanayotambaa, kipande na kipande, akivikandamiza kwa kidole gumba kama anayefunga jicho la mtoto alale.

Jioni wakanawa, wakaenda zao. Francine akalala akiwa na furaha.

Asubuhi mwangaza ukavuka ziwa. Fwa, fwa, fwa. Kutoka mlango wa jikoni. Fwa, chini ya kamba ya nguo. Fwa, mpaka ukingoni. Akasukuma, akageuka kutazama kazi yake.

Uwanja ulikuwa msafi.

Chini, mteremkoni, vipande vya majani vililala juu ya vumbi, mizizi juu.

— Aye, aye, aye! Emmanuella alikuwa amefika langoni. Barthélemy, kuja uone! Huyu dada amefagia kazi yetu yote!

— Ni mukono, akasema Francine, machozi karibu. Mukono iliamuka mbele yangu.

Emmanuella alicheka mpaka akaegemea ukuta. Barthélemy hakucheka. Alitazama ukingo, kisha akauliza polepole:

— Na kila siku unafagilia mpaka hapa?

— Hapa.

— Na maman yako?

— Hapa.

Alishuka kuokota vipande vyake. Lakini swali lilibaki, na Francine akaenda nalo mpaka kizingiti cha jikoni, akakaa. Alipokuwa mtoto alikaa pale pale akila mihogo, na nyayo zake zilikanyaga chini. Sasa ni mtu mzima mwenye miguu mirefu, na nyayo zake zinaning'inia. Yeye alirefuka, uwanja ukashuka zaidi. Kila asubuhi safu nyembamba, nyembamba kuliko karatasi. Kila asubuhi ya maisha yake, na ya mama yake, udongo uliolegezwa ukabebwa mpaka ukingoni na kutupwa. Mvua ilikula, ndiyo. Lakini nani alikuwa akiiandalia meza?

Ee ufagio, mtumishi mwaminifu, kumbe wewe pia ulikuwa unatuhamisha.

Kesho yake Maman Eulalie aliamka kabla ya binti yake. Aliona uwanja una majani makavu ya avoka, una vipande vya kijani vilivyorudishwa ardhini, una aibu. Akauchukua ufagio.

Francine akatoka mbio. Akaweka mguu wake, mtupu, juu ya ufagio.

— Ondoa muguu, wee mutoto.

— Maman, hapana.

— Uwanja bila kufagiwa? Watu watasema nini? Watasema kwa Eulalie kuna kilio!

— Maman. Mguu ulibaki pale pale. Maman, siye wenyewe njo mvua.

Maman Eulalie alimtazama. Akatazama mguu, akatazama ukingo, akatazama mawe ya msingi yaliyo uchi. Aliuachia ufagio, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi uwanja ukakaa. Majani makavu yakaanguka juu ya majani makavu. Francine alinyunyizia maji machipukizi kwa kopo, akitembea kwa ncha za vidole, na mikono yake, iliyozoea kazi nyingine, ikatangatanga kama mbuzi waliofunguliwa. Ndani, mlango ulifunguka kidogo, ukafungwa. Ulifunguka tena.

Na kweli, watu waliona. Asubuhi moja Maman Consolate, jirani wa juu, aliingia langoni amejifunika kitenge kichwani, beseni ya unga mkononi, mkono mwingine shavuni.

— Eulalie wangu! Pole, pole sana! Nani ametuacha?

Emmanuella, aliyekuwa akirekebisha mtaro, aliuma pindo la kitenge chake asicheke. Francine alihisi ardhi inafunguka. Mlango ukafunguka kweli, na Maman Eulalie akatoka. Aliutazama unga. Aliutazama uwanja wake mchafu, mchafu mbele ya macho ya jirani. Na kati ya uchafu ule aliona, pengine kwa mara ya kwanza, nyuzi za kijani zikishikana, zikitambaa, zikishona wekundu kwa wekundu.

— Hakuna mutu alikufa, Consolate. Uwanja njo ilikuwa inakufa. Ukuje, lakini kanyaga polepole. Usituharibie majani.

Tu-, yaani sisi wote. Francine alilisikia, akainama haraka kuangalia kopo lake.

— Basi nirudi na unga yangu?

— Unga imekwisha ingia, akasema Maman Eulalie, akaipokea beseni.

Mvua ilikuja mchana ule ule, ikitoka milimani, nyeusi, nzito, ikipiga mabati kama umati unaodai mlango ufunguliwe. Francine alisimama jikoni na kutazama. Maji ya bati yaliruka, yakaingia mtaroni, yakashuka kwa adabu. Matete yaliinama, yakainama zaidi, yakashikana. Mstari wa chini kabisa uling'oka upande mmoja, ukaenda. Mistari mingine ikabaki. Na uwanjani matone yalianguka juu ya majani, yakavunjika vipande, yakasahau hasira, yakanywewa.

Mvua ilipopungua, pikapu ikapiga honi langoni. Tonton Christophe akashuka na kamba begani.

— Dada! Nilisikia hii mvua nikasema basi, imeisha. Kitanda iko wapi? Tunaanza na kitanda.

Akaenda ukingoni kutafuta kipande kilicholiwa. Alitafuta kushoto. Alitafuta kulia. Hakukiona. Akainua mguu apige teke ukingo, kuujaribu.

— Tonton, vua viatu.

Aligeuka. Ni Francine aliyesema.

— Nini?

— Viatu. Majani ingali mutoto. Na siye hatuhami.

— Eh! Tonton Christophe akatazama dada yake. Kumbe huyu iko na sauti?

— Alikuwa nayo siku zote, akasema Maman Eulalie. Vua.

Mwanamume akavua viatu, akasimama juu ya majani na soksi zake zilizolowa, kamba bado begani. Alikanyaga ukingo kwa kisigino, akakanyaga tena. Ukingo ukakaa.

— Sasa hii pikapu nitapakia nini?

— Pakia matete, akaita Emmanuella kutoka mtaroni. Bagira nako kuna mvua!

Na asubuhi iliyofuata mwangaza ulivuka ziwa, ukapanda mteremko, ukalitafuta vumbi la kusimamia hewani. Haukulipata. Ukashuka chini, ukajinyoosha juu ya majani yenye umande, ukalala pale kama mtu aliyefika kwake. Palikuwa kimya, hakuna fwa. Francine alisimama katikati ya uwanja, mikono mitupu, akavuta pumzi, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani:

— Maman! Kumekucha!